Haijafika na Haikufika: Juu ya Programu za Simu na Mtandao Usiotegemeka

Mtu aliyetuma barua, akiulizwa habari zake, anaweza kujibu kwa maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti lakini yanayoachana sana kwa maana. Anaweza kusema "haikufika", na hapo amekwisha kuifunga habari: barua ilipotea, au ilirudishwa, na hapana tena la kungojewa. Anaweza pia kusema "haijafika", na hapo habari ingali wazi: barua yamkini i njiani, na huenda kesho ikamfikia mwenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili huitumia tofauti hii tangu utotoni bila ya kufundishwa, na wanasarufi wameieleza mara nyingi walipojadili viambishi -ku- na -ja- katika ukanushi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo hiyo ndiyo kiini cha jambo mojawapo lililo gumu zaidi katika utengenezaji wa programu za simu za mkononi, yaani jinsi programu inavyoiita huduma iliyo mbali kwa njia ya mtandao. Na kwamba programu nyingi zinazotumia Kiswahili huipuuza, kwa hasara ya watu wanaozitumia.

Hasara yenyewe si ya kinadharia. Tuchukue mfano wa mzazi anayelipa karo ya shilingi 12,000 kwa programu ya simu, naye yumo ndani ya basi lililo safarini. Anabonyeza palipoandikwa "Lipa". Duara dogo linazunguka kwenye kioo kwa muda, kisha yanatokea maneno "Imeshindikana. Jaribu tena." Mzazi anatii. Mara ya pili anapata shukrani na risiti. Jioni, akifika mahali palipo na mawimbi mazuri, anagundua kwamba zimetoka shilingi 24,000. Programu haikuibiwa, wala seva haikukosea hesabu. Ombi la kwanza lilifika salama, likatekelezwa, na jibu lake ndilo lililopotea njiani wakati basi lilipoingia bondeni. Programu ilipoandika "Imeshindikana" ilidai kujua jambo ambalo haikulijua. Lililokuwa kweli ni kwamba jibu lilikuwa halijarudi.

Ili kueleza jinsi kosa la namna hii linavyozuka, na jinsi linavyoweza kuzuiwa, hatuna budi kwanza kuifuata safari ya ombi moja.

SAFARI YA OMBI

Programu nyingi za simu ni mfano wa duka dogo lisilo na ghala. Kinachoonekana kwenye kioo ni kaunta tu. Mali yenyewe, iwe ni salio la benki, nafasi katika basi au matokeo ya mtihani, imewekwa kwenye seva iliyo mbali. Kila mtumiaji anapotaka jambo, programu hutuma ombi kwenye huduma ya wavuti na kungoja jibu.

Ombi hilo haliondoki papo hapo. Kwanza simu hutafuta anwani, maana jina la seva tunalolijua sisi ni la maneno, na mitambo hujuana kwa nambari. Pili simu na seva husalimiana. Utaratibu wa TCP, ambao maelezo yake yaliyotumika kwa miaka mingi yalichapishwa Septemba 1981, hudai hatua tatu katika salamu: simu hubisha, seva huitikia huku nayo ikibisha, kisha simu huitikia. Tatu, pande mbili huthibitishana na kukubaliana namna ya kuyaficha mazungumzo yao yasisikilizwe na wapita njia. Baada ya hayo yote ndipo ombi lenyewe linapotumwa. Seva hulisoma, huandika inachopaswa kuandika katika hifadhi zake, kisha hurudisha jibu.

Msomaji aone kwamba safari hii ina mpaka wenye maana kubwa. Ikiwa simu imeshindwa kuipata anwani, au imebisha na salamu isiitikiwe, programu inajua kwa yakini kwamba ombi halikutoka. Hapo inaruhusiwa kusema "halikutumwa", na kusema hivyo ni kweli tupu. Lakini ombi likishavuka mpaka huo, kimya chochote kitakachofuata kina maana zaidi ya moja: pengine ombi lilipotea likienda, pengine seva ingali inalishughulikia, pengine kazi imekwisha na jibu limepotea likirudi. Kwa yule aliye upande wa simu mambo haya matatu hayatofautiki hata kidogo. Programu zilizotungwa kwa haraka huyamwaga yote, na yale ya kabla ya mpaka pia, ndani ya kapu moja linaloitwa kosa.

Umbali nao una neno lake. Kabla ya mwaka wa 2009 mawasiliano ya intaneti ya Kenya na dunia ya nje yalitegemea zaidi setilaiti. Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja angani iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ombi hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka. Takriban nusu sekunde huisha kabla mtu hajafanya lolote. Mwaka huo wa 2009 kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Hii ya pili huenda hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, mwendo wa kilomita 5,000 hivi, na kwa kuwa nuru ndani ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua sehemu 25 za elfu za sekunde. Tangu hapo wengi walidhani kwamba tatizo la mtandao limekwisha. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki. Siku ile, simu ya mtu aliyesimama chini ya mlingoti wa mawasiliano ingeweza kuonyesha vijiti vyote vya mawimbi, ilhali ombi lake haliendi popote. Vijiti vile hutoa habari za njia kati ya simu na mlingoti tu. Havisemi lolote juu ya njia iliyobaki.

Vivyo hivyo kuhusu alama ya Wi-Fi. Katika hoteli na viwanja vya ndege simu huunganishwa, alama ikawaka, lakini hapana kinachopita mpaka mtu afungue ukurasa wa mwenye mahali na kukubali masharti yake. Simu za Android huugundua mlango huo uliofungwa kwa hila nzuri: huuliza anwani inayojulikana ambayo sikuzote hujibu kwa nambari 204, maana yake "nimesikia, sina cha kukupa". Badala ya kimya hicho cha adabu ukija ukurasa mzima wa hoteli, simu hutambua kwamba aliyejibu siye aliyeulizwa.

Kwa sababu hizi, desturi ya kuwafundisha wanaoanza kwamba programu iulize "Je, mtandao upo?" kabla ya kila ombi haitupendezi sana. Jibu la swali hilo ni kweli kwa nukta ile lilipotolewa, na huenda nukta ya pili lisiwe kweli. Lafaa kwa kuchagua picha ya kumwonyesha mtumiaji, au kwa kuamua kuahirisha mzigo mkubwa mpaka apate Wi-Fi asije akamaliza bando lake. Kwa kuamua kama malipo yamefanyika au la, halifai kabisa. Njia ya kujua kama mlango utafunguliwa ni kubisha.

KUNGOJA

Programu ikishabisha, ingoje kwa muda gani? Kikomo kikiwa kifupi mno, itatangaza kifo cha ombi ambalo lingali hai, hasa mahali ambapo mtandao ni wa polepole bila ya kuwa umekatika. Kikiwa kirefu mno, mtumiaji atachoka, ataizima programu kwa nguvu, na kumbukumbu ya ombi itapotea pamoja nayo. Hapana kipimo kimoja kinachofaa kote. Aliyejaribu programu yake ofisini Nairobi tu, juu ya meza iliyo karibu na kipanga njia, hana haki ya kumchagulia kikomo mtu wa Marsabit.

Jambo moja lakini limekwisha kuamuliwa: kungoja kusifanywe na uzi mkuu wa programu, yaani ule unaochora kioo na kupokea vidole vya mtumiaji. Android 3.0, iliyotoka mwaka wa 2011, ilianza kuikataa katakata programu inayouita mtandao kutoka katika uzi huo. Na programu ambayo kioo chake hakikuitikia mguso kwa sekunde 5 huletewa ilani ya kumwuliza mtumiaji kama anataka kuifunga. Kazi ya kungoja hupewa uzi wa pembeni, na kioo huachwa huru.

KIMYA SI JIBU

Sasa tufike kwenye fundo. Je, haiwezekani kuutengeneza utaratibu wa mawasiliano ulio madhubuti kiasi kwamba kimya hakitaleta shaka kamwe? Swali hili lilijibiwa zamani. Mwaka wa 1975 Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walilieleza tatizo lake, na mwaka wa 1978 Jim Gray akalipa sura ambayo limejulikana kwayo hata leo, sura ya majemadari wawili. Majeshi mawili ya upande mmoja yamepiga kambi katika vilima viwili, na adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja watashinda. Akishambulia mmoja peke yake ataangamia. Jemadari wa kwanza anatuma mjumbe: "Tushambulie alfajiri." Mjumbe apitia bondeni, na huenda akakamatwa. Hata akifika, aliyemtuma hajui kwamba amefika, kwa hiyo hathubutu kutoka. Basi wa pili anarudisha mjumbe wa kuthibitisha. Lakini sasa ni yeye asiyejua kama uthibitisho wake umefika. Uthibitisho wa uthibitisho nao wataka uthibitisho. Hapana idadi ya wajumbe itakayowapa wote wawili yakini, maana yule wa mwisho katika msururu, awaye yote, huwa hajulikani kama alifika.

Maana yake kwetu ni nzito. Shaka ya mzazi yule katika basi haitaondolewa kwa kununua seva kubwa zaidi wala kwa kutandaza kebo nyingine. Inaweza kupungua, lakini haiwezi kwisha. Mwaka wa 1994, L. Peter Deutsch, aliyekuwa katika kampuni ya Sun Microsystems, aliorodhesha dhana potofu za watengenezaji wa mifumo inayotawanyika, na ya kwanza katika orodha ilikuwa ile ya kuamini kwamba mtandao ni wa kutegemewa. Kwa hiyo swali la kufaa silo jinsi ya kukiondoa kimya, bali jinsi ya kukifanya kisidhuru.

OMBI LISILOZIDISHA

Yako matendo ambayo yakirudiwa hayaongezi kitu. Ukimwambia mtu "funga mlango" mara kumi, mlango utafungika mara moja tu. Ukimwambia "sukuma swichi", kila anaporudia taa inawaka au inazimika, na mwisho wa yote hutegemea hesabu. Mwanahisabati wa Marekani, Benjamin Peirce, aliziundia sifa za namna ya kwanza neno lake kutokana na Kilatini mwaka wa 1870, akikusudia kitu ambacho kikizidishwa kwa chenyewe hubaki kile kile. Kwa kukosa istilahi iliyokwisha kukubaliwa na wengi, sisi hapa tutaliita ombi la namna hii ombi lisilozidisha.

Utaratibu wa HTTP, ambao ndio lugha ya maombi mengi ya wavuti, huzigawa amri zake kwa msingi huo. GET, ya kusoma, haizidishi. PUT, ya kuweka kitu kiwe hivi, haizidishi. DELETE, ya kufuta, haizidishi pia, maana kilichofutwa hakifutiki tena. POST, ambayo kwa kawaida ndiyo inayobeba malipo, oda na usajili mpya, haina ahadi hiyo. "Salio liwe 500" na "ongeza 500" ni sentensi mbili zinazoonekana jirani, lakini ya kwanza yaweza kurudiwa usiku kucha bila ya madhara, na ya pili kila ikirudiwa mtu anapata au anapoteza fedha.

Namna ya kuifanya amri izidishayo isizidishe ni ya kale kuliko kompyuta. Hundi ya benki ina nambari. Mtu akiipeleka hundi ile ile mara mbili, karani huitazama nambari, huona katika daftari lake kwamba imekwisha kulipwa, na hatoi fedha tena. Programu ya simu nayo ifanye hivyo. Kabla ya kutuma kwa mara ya kwanza, itunge nambari ya kubahatisha, ndefu kiasi kwamba haitagongana na nyingine (nambari za biti 128 ndizo zilizozoeleka), iiandike katika hifadhi ya simu, kisha iitume pamoja na ombi. Ikirudia, irudie na nambari ile ile. Seva ikiiona nambari kwa mara ya kwanza hutekeleza. Ikiiona tena hurudisha jibu lile lile la awali, pasipo kulipa mara ya pili.

Palipo na utelezi ni hapa. Watengenezaji wengi, wakiisha kusikia habari ya nambari, huitunga kila kitufe kinapobonyezwa au kila ombi linapotoka. Kwa kufanya hivyo wameandika hundi mpya kila mara, na ulinzi wote umepotea ingawa msimbo unaonekana kuwa kamili. Nambari ni ya nia wala si ya jaribio. Mzazi alikuwa na nia moja, ya kulipa karo ya muhula mmoja, na majaribio mawili ya kuitimiza. Kwa hiyo nambari ni moja. Lazima pia idumu hata programu ikizimwa au betri ikiisha, ndiyo sababu tukasema iandikwe katika hifadhi kabla ya ombi kuondoka, siyo baada.

Inafaa kutaja hapa kwamba wafanyabiashara wetu waliligundua jambo hili kwa njia yao. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, imekuwa desturi kwamba mwenye duka hatoi bidhaa kwa kuonyeshwa simu ya mnunuzi peke yake. Hungoja ujumbe wake mwenyewe, wenye nambari ya muamala, uingie katika simu yake. Usipoingia upesi husema, "Haujafika." Hasemi "haukufika". Hamwambii mnunuzi alipe tena, wala hamfukuzi. Humwomba asubiri kidogo. Katika jambo hili muuza duka ni mhandisi bora kuliko baadhi ya waliosomea kazi hiyo.

ADABU YA KUPIGA HODI

Baada ya ombi kufanywa lisizidishe, kurudia kunakuwa halali. Lakini kurudia nako kuna adabu zake. Katika pwani yetu mtu aliyefika mlangoni hupiga hodi, hutulia kidogo, hupiga ya pili, hutulia, na ya tatu isipojibiwa huondoka bila ya kinyongo. Hagongi mfululizo kama mtu aliyekuja kuzima moto, na akiambiwa "subiri" hasukumi mlango.

Historia ya mitandao inaonyesha gharama ya kuikosa adabu hiyo. Mwezi Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, majengo yaliyoachana kwa yadi 400 tu, yalianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, aliyechunguza jambo hilo na kuchapisha maelezo yake mwaka wa 1988, alionyesha kwamba chanzo kilikuwa katika mwenendo wa mashine zenyewe: kila moja, ilipokosa jibu, ilituma tena upesi, na marudio hayo yakaujaza mtandao ambao tayari ulikuwa umelemewa. Dawa ilikuwa ni kupunguza mwendo kila dalili ya msongamano inapoonekana, na kuurefusha muda wa kungoja kila jaribio linaposhindwa.

Programu ya simu yafaa ifuate nyayo hizo. Ingoje sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, na ifikapo kikomo iache. Tena iongeze kitu cha kubahatisha juu ya kila kipimo. Bila ya hicho, simu elfu kumi zilizokatikiwa kwa pamoja mlingoti ulipozimika zitarudi kwa pamoja nukta ile ile, zikakosa kwa pamoja, na kungoja kwa pamoja, kama kwaya iliyofundishwa vizuri. Hekima ya kubahatisha ilikuwamo tangu mtandao wa redio wa ALOHA uliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Hawaii tangu mwaka wa 1971, ambamo vituo viwili vilivyogongana hewani vilirudia kila kimoja kwa wakati wake wa bahati nasibu.

Si kila jibu baya linastahili kurudiwa, lakini. Seva hujibu kwa nambari za tarakimu tatu. Za mia nne kwa jumla husema kosa liko upande wa aliyeomba: 401, hukujitambulisha, 404, unachotafuta hakipo. Kuyarudia haya pasipo kubadilisha kitu ni ukaidi. Za mia tano husema kosa ni la seva, na 503 hasa, "sipatikani kwa sasa", hualika kurudia baadaye. Iko 429, "umebisha mno", ambayo ingawa ni ya mia nne huruhusu kurudia baada ya kutulia. Mara nyingi seva hutaja yenyewe sekunde za kungoja, na programu isiyozisoma inafanana na mgeni aliyeambiwa "subiri" akaendelea kugonga.

KUANDIKA KWANZA, KUTUMA BAADAYE

Ziko kazi ambazo haziwezi kungoja mtandao hata kidogo, kwa sababu mahali zinapofanyika mtandao haupo. Mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba hawezi kumwambia mama mjamzito angoje mawimbi. Open Data Kit, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka wa 2008 na kutumiwa mapema na mpango wa AMPATH wa Eldoret, ilijengwa juu ya msingi huo: fomu hujazwa na kuhifadhiwa ndani ya simu, na hutumwa pale njia inapopatikana. Kwa mpango wa namna hii, kutuma kunakuwa kazi ya foleni inayoendeshwa nyuma ya pazia, na kila kilichomo katika foleni kina hali yake na nambari yake.

Hali hizo zisipotofautishwa, madhara yaweza kuwa ya taifa zima. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 8 Agosti 2017, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba zaidi ya vituo 11,000 kati ya vituo 40,883 havikuwa na mtandao wa kiwango cha 3G au 4G, na kwamba maafisa wangelazimika kusogea penye mawimbi ili kutuma matokeo. Suala la upelekaji wa matokeo likawa miongoni mwa mambo mazito katika kesi iliyofikia Mahakama ya Juu, ambayo ilibatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017. Hapa hatutajadili siasa yake. Tunataka msomaji aone tu kwamba fomu ambayo haijafika na fomu ambayo haikutumwa ni vitu viwili, na kwamba umma una haki ya kuambiwa ni kipi kati ya hivyo.

MANENO YA KUMWAMBIA MTUMIAJI

Tumerudi katika lugha. Iwapo programu imejengwa vizuri, inajua imo katika hali gani. Iliyobaki ni kulisema. Na hapa ndipo Kiswahili cha programu nyingi kinapokwama. Mtafsiri hupewa orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza, kila moja peke yake katika mstari wake, hajui litatokea katika kioo gani wala baada ya tukio gani. Anakuta neno moja la Kiingereza lenye maana ya kushindwa, ambalo katika lugha ile hufunika yote, lililokatazwa na lisilojulikana. Anaandika "Imeshindikana", naye hana lawama kubwa. Lakini matokeo ni kwamba lugha yenye uwezo wa kutenga imelazimishwa kuchanganya.

"Imeshindikana" ni neno la kufunga habari. Lafaa pale tu seva iliposema wazi kwamba imekataa, na hata hapo ni bora kutaja sababu: "Malipo yamekataliwa, salio halitoshi." Ombi lisipovuka ule mpaka wa salamu, tungependekeza: "Malipo hayakutumwa, kwa kuwa simu haikupata mtandao. Fedha zako hazikuguswa." Kwa kimya kilichofuata baada ya kutuma: "Ombi lako limetumwa, jibu halijarudi. Usilipe tena, tutakujulisha." Sentensi hii ya mwisho ni ahadi, na programu isiyo na nambari ya nia wala njia ya kuiuliza seva baadaye "nambari hii iliishaje?" haina ruhusa ya kuitoa. Ama "Hitilafu imetokea", ambayo imeenea kama magugu, haimwambii mtu lolote ambalo hakuliona mwenyewe.

Mashine za simu za zamani kidogo zilikuwa na busara zaidi katika hili. Kila Mkenya ameisikia sauti ile isemayo kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Haidai kujua kama simu imezimwa, au mtu yuko bondeni, au betri imekwisha. Inasema inachokijua, na kwa maneno "kwa sasa" inaacha mlango wazi.

Upo pia ulinganifu wa kisarufi ambao waandishi wa programu wangefaa kuuzingatia. Ukanushi wa "imefika" ni "haijafika". Ukanushi wa "ilifika" ni "haikufika". Programu inayoweka "Imetumwa" kando ya rekodi zilizofaulu, na "Haikutumwa" kando ya zile zinazongoja katika foleni, imevunja jozi, na mhudumu wa afya atakayesoma "Haikutumwa" atadhani kazi yake imepotea na kuijaza fomu upya. Mama mmoja atahesabiwa wawili katika daftari la wilaya. Jozi ya haki ni "Imetumwa" na "Haijatumwa". Na kwa kioo kidogo ambacho nafasi yake ni ya kugombaniwa, lugha imekwisha kutupatia neno la herufi nne linalobeba maana yote ya -ja-, ambalo kila mtu hulitumia akiulizwa kama mgeni amewasili, nalo ni "Bado".